Kwa Nini Nahodha Kimondo Aliacha Safari

Bi Biubwa binti Sadallah hakuwa mwanamke wa dirishani. Mtaani kwake Bagamoyo kila mtu alijua kwamba ukimtaka utabisha hodi, utajibiwa, utangoja, na ukikaribishwa utamkuta amejitanda vizuri, amekaa kitini, mgongo umenyooka. Lakini mwaka ule wa 1956, kila Jumapili ikikaribia saa kumi na moja jioni, alikivuta kiti chake mpaka nyuma ya dirisha la mbele, akaziacha mbao zimefungwa, akalitega sikio kwenye upenyo.

Ng'ambo ya njia palikuwa na kibanda cha Abdala kinyozi, na kibandani mwa Abdala mlikuwa na redio ya betri. Saa hiyo hakunyolewa mtu. Aliyekutwa na povu kidevuni alikaa na povu lake. Wanaume walijaa ndani, wengine wakachuchumaa barazani, kuusikiliza mchezo wa Safari ya Nyota ya Saba: habari za chombo cha chuma kilichopaa kutoka ardhini, kikaupita mwezi, kikawa kinatafuta nyota ambayo hakuna jicho lililowahi kuiona. Nahodha wa chombo hicho aliitwa Kimondo. Alikuwa na sauti nzito iliyotulia, sauti ya mtu asiyeharakishwa hata na mauti. Watu waliiga anavyokohoa. Abdala aliwahi kumwambia mteja, "Wewe nyoa ndevu tu, mambo ya mbinguni mwachie Kimondo," na maneno hayo yakazunguka mji mzima.

Kimondo huyo alikuwa mkwe wa Bi Biubwa.

Jina lake la kweli lilikuwa Mbaruku, mtu wa Pangani, mtoto wa watu wa bahari na biashara, karani katika idhaa huko Dar es Salaam. Michezo ya redio aliisoma baada ya kazi, kwa kuwa alijaliwa sauti. Alikuwa amemwoa Chausiku, mtoto pekee wa Bi Biubwa. Kabla ya kumkubali, Bi Biubwa aliuliza habari za baba yake, na za babu yake, na za mama wa babu yake, ndipo alipoitikia. Hakumtangaza mkwewe kwa mtu. Mtaa ulijua, naye alijua kwamba mtaa unajua, na kujivuna kwake kulikuwa kwa kunyamaza.

Alikuwa na haki ya kujivuna. Marehemu baba yake alimpeleka Unguja kwa shangazi yake akasome, wakati wenzake hapa walipokuwa wakifundishwa kusuka ukili peke yake. Alirudi anasoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu na za Kizungu. Mumewe, Haji, karani wa forodhani, alipofariki, walikuja watu watatu kumposa, wote akawarudisha kwa adabu. Akakaa na binti yake, akawa mwandishi wa barua za nusu ya mtaa. Wajane, wavuvi, wake walioachwa na waume waliokwenda mkonge, wote walikaa mbele yake wakasema ya moyoni, naye akayaandika. Hakuna hata moja lililotoka nje ya mlango ule. Ndiyo heshima aliyoijua: neno liingie, lisitoke.

Basi Jumapili moja ya mwezi wa Mei, Nahodha Kimondo alikuwa amesimama kwenye mlango wa chombo chake, na mkewe Zuhura anamlilia. Safari iliyobaki ilikuwa ya miaka mia. Yeye, kwa ajabu za huko juu, angerudi kijana vilevile. Mkewe angekuwa kaburini.

"Zuhura," ilisema sauti ile kutoka kibandani, "si haki kukufunga kwa mume asiyerudi. Nimekuacha. Nimekuacha. Nimekuacha."

Pale kwa Abdala mtu mmoja akasema, "Huyo ndiye mwanamume!" na Abdala akajifuta macho kwa taulo ya mteja.

Nyuma ya dirisha Bi Biubwa aliinuka kitini. Tangu utotoni alikuwa amefundishwa kwamba yako mambo matatu ambayo kweli yake ni kweli na mzaha wake ni kweli, na talaka ni mojawapo. Alijua kuwa hapa palikuwa na mchezo. Alijua kuwa aliyeachwa ni Zuhura, ambaye hayuko duniani wala mbinguni. Lakini sauti ilikuwa ya mume wa mwanawe, imetamka mara tatu, na nusu ya nchi imeshuhudia. Na Chausiku alikuwa na mimba ya miezi sita.

Nyumba ya Maalim Bwanausi, ambaye watu walimwendea kwa mambo ya ndoa na mirathi kutoka hata Lugoba, haikuwa mbali. Angejifunika buibui, akaenda, akauliza, akarudi kabla ya magharibi. Hakwenda. Aliona kwamba anayeuliza amekwisha kukiri kuwa lipo la kuulizwa. Akachukua karatasi, akaandika:

"Kwa mwanangu Mbaruku. Wa baada ya salamu. Maneno uliyoyatamka Jumapili hayatamkwi na mwenye mke, hata kwa mchezo. Uuache mchezo huo kabla haujatuletea neno. Asiambiwe mtu sababu. Mimi mama yako, Biubwa binti Sadallah."

Jibu lilikuja siku ya tano, mistari miwili. "Mama, nimeacha. Wakubwa zangu wamekasirika sana, lakini nimeacha."

Jumapili iliyofuata Nahodha Kimondo alifungua kinywa ndani ya redio ya Abdala akatoa sauti nyembamba, kama ya mtu aliyebanwa kidole mlangoni. Watunzi wa mchezo walijitahidi kueleza: eti hewa ya nyota ile ilimbadilisha koo. Kibanda kizima kiliguna.

"Huyu nani?" akauliza Abdala. "Mtoeni huyu! Kimondo yuko wapi?"

Hapo ndipo yalipoanza. Kwa wiki tatu hapakuwa na mazungumzo mengine. Mmoja alisema Mbaruku amepelekwa Ulaya akauigize mchezo huo kwa Kiingereza. Mwingine akasema hapana, anakunywa, alikuja kazini ananuka. Mwingine alikuwa na binamu Kariakoo aliyemwona kwa macho yake, amefuga ndevu, anatembea anaongea peke yake. Mzee mmoja mnadi samaki, aliyekuwa amenyamaza siku zote, alisema, "Na kama amekwenda kweli?" Wakamcheka, lakini siku ile baadhi yao walirudi nyumbani wakiangalia juu.

"Mimi nasema koo," alisisitiza Abdala. "Amesema sana mambo ya mbinguni, Mungu amemfunga koo."

Bi Biubwa aliyasikia yote. Yalimchoma, lakini aliyahesabu kuwa moshi, na moshi hupita. Neno moja tu ndilo aliloliogopa, na neno hilo lilikuwa bado halijatajwa.

Mimba ilipotimiza miezi saba Chausiku aliletwa na basi kutoka Dar es Salaam, na sanduku lake, na mto wake, na jiko lake la mkaa. Ilikuwa imepangwa hivyo tangu mwanzo. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Hilo halikuwa geni kwa mtu yeyote wa pwani ile. Mbaruku hakufuatana naye kwa kuwa idhaa ilimnyima ruhusa, ikiwa bado na kinyongo. Chausiku akashuka peke yake, akapita mbele ya kibanda cha Abdala, sanduku likiwa kichwani mwa mchukuzi. Akaamkia, wakamwitikia. Alipoingia ndani na mlango kufungwa, Mwinyimvua fundi cherehani, ambaye meza yake ilikuwa kando ya kibanda, aliuondoa mguu wake kwenye cherehani.

"Nyinyi mna vichwa vigumu," alisema. "Mnatafuta mtu Ulaya. Hamkumbuki alisema nini mara ya mwisho kabla hajapotea?"

"Alimwacha Zuhura," alisema Abdala.

"Kwa talaka ngapi?"

"Tatu."

"Mbili," alisema mwingine. "Ya tatu betri ilikwaruza."

"Tatu! Mimi nilikuwa hapa hapa!"

"Haya, tatu," alisema Mwinyimvua. "Na talaka ina mzaha?"

Mwinyimvua akaukata uzi kwa meno.

"Mtu amesema, kisha akaulizwa na wanaojua dini, akaambiwa, bwana, umeacha mke. Ndipo alipokimbia mchezo. Kama si hivyo, aliacha kwa nini? Nani ameshaona mtu akiacha utamu kama ule bila sababu? Na sasa mke karudi kwao na sanduku lake. Amekuja kufanya nini?"

"Kuzaa," alisema Abdala, lakini alisema polepole.

"Ndiyo. Na eda ya mwenye mimba huisha lini? Akizaa." Mwinyimvua akaurudisha mguu wake. "Lisemwalo lipo."

Walilitazama dirisha. Mbao zilikuwa zimefungwa, na nyuma yake Bi Biubwa alikuwa amesimama, ameshika ukuta.

Baada ya siku nne alikuja Dija, jirani wa nyuma, amevaa kanga mpya. Alikaa, akanywa chai, akausifu ukuta.

"Shoga yangu, nimekuja na neno dogo."

"Neno dogo halivai kanga mpya, Dija. Liseme."

"Kuna mtu wa Miono. Mtu mzima, ana shamba, mkewe kafariki. Anauliza tu."

"Anauliza nini?"

"Anamwulizia mtoto wako. Si sasa, aah! Akishajifungua."

"Akishajifungua afanywe nini?"

Dija akacheka kwa aibu. "Si eda itakuwa imekwisha, dada?"

Bi Biubwa aliinuka, akaenda akaufungua mlango mpaka ukagonga ukuta. "Njia ni hii," alisema.

Chausiku alikuwa chumbani, amesikia. Mama yake alipopita alimwuliza, "Mama, kwani mimi nimeachwa?"

"Nani kakuambia?"

"Wewe hujaniambia kwamba sikuachwa."

"Lala," alisema mama yake. "Miguu yako imevimba."

Mbaruku mwenyewe alifika Jumamosi iliyofuata, mkononi ana kikapu cha halua na sukari. Kutoka kituo cha basi mpaka mlangoni alifuatwa na watu. "Nahodha! Nahodha, nyota tumeifikia?" Aliwaamkia wote, hakumjibu hata mmoja. Ndani alikaa ukingoni mwa kiti kama anayetaka kuondoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umewasikia?"

"Nimewasikia tangu kituoni. Mtu mmoja kaniuliza kama nimekuja kurejea mke." Alijipangusa uso. "Mama, twende kwa Maalim Bwanausi. Leo. Aseme halikuanguka neno, ndoa ipo, tumalize."

"Na akisema limeanguka?"

Mbaruku alimtazama. Hakuwa amefikiri kwamba mama huyu, msomi huyu, naye alikuwa na shaka.

"Hawezi kusema hivyo. Nilikuwa nimeshika karatasi, mama. Nasoma. Maneno yaliandikwa na mtu mwingine, na Zuhura ni mama wa watoto wanne anayeishi Ilala, ana mume wake, alikuwa anakula karanga wakati namwacha."

"Sitaki kucheka, Mbaruku."

"Basi tufunge nikahi upya, kwa tahadhari tu. Hapa ndani. Maalim, mashahidi wawili, walii wake, dakika tano."

"Binti ya Haji aolewe mara ya pili na mume yuleyule, na tumbo lake mbele? Watasema ilikuwa kweli."

"Wanasema sasa hivi, mama."

"Wakisema wao ni uvumi. Tukifanya sisi ni ushahidi."

Mbaruku akasema, "Basi niruhusu nitoke hapo barazani niwaambie kwa nini niliacha. Wakijua sababu, watatulia."

"Sababu gani?"

"Barua yako."

"Nilikuandikia kwamba asiambiwe mtu."

"Ndiyo maana nimeomba ruhusa."

"Sikupi," alisema Bi Biubwa.

Mbaruku akazungumza na mkewe kidogo, akamwachia halua, akapanda basi la jioni. Alimtii. Wanaume wengi wa siku hizi wasingemtii.

Mtoto alizaliwa mwezi wa Agosti, msichana, mzima, mwenye nywele nyingi nyeusi. Siku ya saba, kama ilivyo sunna, palichinjwa mbuzi, na nywele zilikuwa za kunyolewa. Na mtaa ule mnyoaji alikuwa mmoja tu.

Walikuja asubuhi. Alikuja Maalim Bwanausi. Alikuja Mbaruku pamoja na ami yake kutoka Pangani, mzee mrefu mwenye joho, asiyependa kusubiri. Majirani wanaume walikuja, Mwinyimvua akiwamo, kwani aliyealika mtaa hawezi kubagua. Wanaume walikaa ukumbini. Chausiku alikuwa chumbani, kwa kuwa arubaini yake ilikuwa mbichi, na Bi Biubwa alisimama nyuma ya pazia la mlango wa ndani, mahali ambapo mtu husikia kila kitu na haonekani. Mtoto akatolewa juu ya mto. Maalim akasoma dua, wakamwita Sikuzani. Abdala akalowesha kichwa, akaanza na wembe wake, taratibu, kwani mkono wake ulikuwa mzuri.

Alifika nusu ya kichwa ulimi ukamshinda.

"Nahodha," alisema, "mimi sina ubaya na mtu. Lakini tangu ulipoondoka chombo hakina mwenyewe. Kile kijitu mlichotuwekea hata kugeuza usukani hakijui. Nakuomba kwa hizi nywele za mwanao, niambie. Kwa nini ulituacha?"

Watu wakacheka. "Muulize polepole," alisema Mwinyimvua, "wembe usije ukateleza."

Ami yake Mbaruku hakucheka. "Hata mimi nataka kulijua hilo. Pangani hawanipi nafasi ya kuswali. Mara mwanangu mlevi, mara kafukuzwa, mara kaacha mke akiwa mbinguni. Leo tuko mbele ya Maalim. Sema, yaishe."

Mbaruku alilitazama pazia. "Maalim," alisema, "kwanza lile neno la redio. Limeanguka?"

Maalim Bwanausi alimshangaa. "Asomaye maneno ya mtu mwingine, akamwita mwanamke asiyekuwapo, hajaacha mke wake. Mngeniuliza tangu Mei ningewajibu kabla sijavua viatu. Hakuna aliyekuja kuniuliza."

Pumzi zikashuka ukumbini. Nyuma ya pazia Bi Biubwa alishika mwimo wa mlango, na machozi yalimtoka bila kutaka. Hapo jambo lingekwisha. Mbuzi alikuwa jikoni, wali unanukia.

"Alhamdulillahi," alisema Mwinyimvua. "Lakini kama halikuanguka, mbona ulikimbia?"

"Sikukimbia," alisema Mbaruku. Alikuwa mwepesi sasa, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Mama mkwe aliniandikia barua niache. Aliogopa, kama mzazi yeyote. Nikaacha. Basi."

Vichwa viligeuka kwenye pazia.

Bi Biubwa aliona mambo kwa upesi, na aliyaona vibaya. Aliona kwamba watu watatoka hapa wakisema: wa kwanza kutia shaka ndoa ile hakuwa fundi cherehani, alikuwa mama mwenyewe. Kwamba yeye, aliyemtoa Dija nje ya mlango, alikuwa na mawazo ya Dija mwezi mzima kabla ya Dija. Ulimi ukatangulia.

"Mimi sikuandika barua yoyote," alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, sauti ya shule.

"Mbaruku?" alisema ami yake.

"Aliandika, ami. Ninayo."

"Iko wapi?"

"Dar es Salaam."

"Barua nzuri huwa ziko Dar es Salaam," alisema Mwinyimvua, na watu wawili watatu wakacheka puani.

Mbaruku alisogea karibu na pazia. "Mama," alisema chini kwa chini, "sema tu. Hapana ubaya."

Alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Bi Biubwa aliviona vidole vya miguu yake chini ya pazia.

"Mwanangu, usinitwike uongo wako mbele ya wageni wangu."

Ami yake Mbaruku aliinuka, akalikusanya joho lake. "Nimekuja kutoka Pangani na mbuzi," alisema, "kuja kumsikia mtoto wa ndugu yangu akiitwa mwongo katika nyumba aliyooa. Na wewe umenyamaza. Kwani ni kweli?"

Mbaruku alirudi katikati ya ukumbi. Aliposema, ilikuwa ile sauti ambayo mtaa ulikuwa umeikosa tangu Mei, nzito, haina haraka.

"Chausiku binti Haji."

Abdala aliacha wembe hewani, akatabasamu. Alidhani Nahodha anawaonjesha kidogo.

"Nimekuacha. Talaka moja."

Tabasamu lilibaki usoni mwa Abdala muda, halijui pa kwenda. Maalim Bwanausi alipiga goti lake kwa kiganja. "Laa haula! Mwanamke yuko nifasini, damu ya uzazi haijakatika! Hujui kwamba kumwacha wakati huu ni dhambi?"

"Imeanguka?" aliuliza Mbaruku.

"Imeanguka," alisema Maalim.

Mbaruku na ami yake walitoka. Abdala akamalizia nusu ya kichwa iliyobaki, kwa kuwa haifai mtoto kuachwa amenyolewa upande, na wembe ukateleza, ukamkata kidogo juu ya sikio.

Haukupita mwezi, Maalim alirudi, akakaa ukumbini, akasema na pazia.

"Nimemwona kijana. Anajuta. Talaka ni moja, neno moja la kumrejea kabla eda haijaisha linatosha, hata mashahidi si lazima. Lakini ami yake amekula yamini kwamba hampokei mke kutoka nyumba iliyomwita mwanawe mwongo. Anachotaka ni useme kwamba uliandika. Si kwa mtaa. Kwake yeye, mbele yangu."

"Na hiyo barua anayodai anayo?"

"Nilimwambia ailete. Amekataa. Amesema, nikiitoa nitakuwa nimemvua nguo mama wa mke wangu."

"Nilichosema nimesema, Maalim," alisema Bi Biubwa.

"Basi nakukumbusha jambo. Mwenye kunyonyesha huchelewa kuona damu, na eda yake ni tohara tatu. Mungu amekupa muda. Usiupoteze."

Muda ulikuwa miezi kumi na minne. Sikuzani aliota meno, akatambaa, akasimama kwa kushika kanga ya bibi yake. Mbaruku alituma matumizi kila mwisho wa mwezi kwa mkono wa Maalim, pamoja na swali lilelile, na Maalim alirudi na jibu lilelile. Mara nyingine Bi Biubwa alijifunika buibui, akafika hadi mlangoni aende kwa Maalim, akarudi. Alijiambia kwamba anamlinda Chausiku. Kwamba mtoto akikua asisikie kuwa bibi yake aliitia shaka nasaba yake. Alijiambia kwamba atasema Ijumaa ijayo. Chausiku hakumwomba ila mara moja, wakichambua mchele.

"Mama, sema."

"Niseme nini?"

"Sema lolote la kuturudisha."

"Nikisema leo, nitakuwa nilisema uongo siku ile."

Chausiku aliendelea kuchambua mchele.

Huko nje hakuna aliyesema tena. Safari ya Nyota ya Saba iliisha mwezi wa Desemba, chombo kilipasuka na wote waliomo, na Abdala alisema afadhali. Baada ya hapo walibishana habari za mpira, kisha habari za uhuru. Mwinyimvua alihamia Vigwaza. Mtu wa Miono alioa mwanamke mwingine. Bi Biubwa alisimama nyuma ya dirisha lake siku nyingine kusikia wanasemaje juu yake, na hawakuwa wakisema chochote.

Mwezi wa Oktoba wa mwaka uliofuata habari zilikuja kutoka Pangani kwamba Mbaruku anaozwa binti ya ami yake. Siku kumi baadaye, asubuhi, Chausiku alitoka kuoga, akaanika kanga zake uani, akaja akasimama mbele ya mama yake.

"Leo imekwisha," alisema.

"Nini?"

"Eda."

Bi Biubwa alikuwa amemkalisha Sikuzani magotini, anamlisha uji. Kijiko kilisimama. Nje Abdala alikuwa akifungua kibanda chake, anapiga mluzi.

"Niliandika," alisema Bi Biubwa. "Barua ile. Niliandika mimi."

"Najua, mama," alisema Chausiku. "Mbaruku alinionyesha siku ileile ilipofika."

Akamchukua mtoto, akaenda naye uani kumkosha uso.